Afya ya Nyuki, na Namna Ugonjwa Unavyoenea Kati Yao

Watu wengi hudhani kwamba ugonjwa ni jambo la wanadamu peke yao, pamoja na mbuzi na kuku wanaowafuga. Lakini kila kiumbe chenye uhai kina magonjwa yake. Nyuki pia huugua. Wana kupe wao, wana vijidudu vya tumbo, wana virusi vinavyoharibu mabawa yao. Tena, tukichunguza namna wanavyougua na namna wanavyopona, tutaona ya kuwa sheria za afya yao zinafanana sana na zile tunazowafundisha wagonjwa kila siku. Kwa sababu hii tumeona vema kuandika habari zao katika kitabu hiki.

KWA NINI NYUKI WATUHUSU?

Msitu unaozunguka mji wa Lubumbashi ni msitu wa miombo. Humo tunapata uyoga, vinkubala, kuni na asali. Miti kama muputu na musamba hutoa maua mwisho wa kiangazi, karibu na mvua za kwanza. Mutondo hutoa maua yake mvua zinapokwisha. Basi nyuki hupata chakula kingi mara mbili kwa mwaka, na fundi wa asali naye huvuna mara mbili. Asali hiyo huletwa mjini katika chupa na bidoni, na fedha yake hununua chumvi, sabuni na dawa, tena hulipa shule ya watoto.

Lakini asali si faida ya kwanza ya nyuki. Tazama shamba la maboga. Boga lina maua ya kiume na maua ya kike. Ua la kike haliwezi kuzaa mpaka unga wa ua la kiume uletwe juu yake, na unga huo ni mzito, upepo hauwezi kuuchukua. Nyuki ndiye anayeuchukua kwa miguu yake. Matango, matikiti, maembe na avoka pia husaidiwa na nyuki na wadudu wengine. Nyuki wakipungua, matunda hupungua, nayo ni chakula kinacholinda macho na damu ya watoto wetu. Kwa hiyo mama ambaye hajaona mzinga hata siku moja, naye anahitaji nyuki wenye afya.

MZINGA NI KAMA MJI WENYE WATU WENGI

Kundi moja la nyuki lina maelfu mengi ya nyuki ndani ya nyumba moja ndogo, yenye giza na joto. Wanagusana mchana na usiku. Wanalishana mdomo kwa mdomo. Watoto wao, wanaoitwa majana, hulelewa katika vyumba vidogo vya nta vilivyo karibu karibu. Ninyi mnajua jinsi surua inavyokimbia katika nyumba yenye watoto wengi. Ugonjwa wa nyuki hukimbia vivyo hivyo.

Ndani ya mzinga, ugonjwa hupita kwa chakula wanachopeana na kwa mavi ya nyuki mgonjwa. Nje ya mzinga zipo njia nyingine tatu. Ya kwanza ni wizi: kundi lenye nguvu huingia katika mzinga wa kundi dhaifu na kuiba asali, na pamoja na asali hubeba ugonjwa. Ya pili ni maua: nyuki mgonjwa hutua juu ya ua, akaacha vijidudu, na nyuki mwingine, hata wa aina nyingine, akavichukua. Mwaka 2014 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba virusi vya nyuki wa asali hupatikana pia katika nyuki wakubwa wa porini wa nchi ile. Njia ya tatu ni mtu mwenyewe, naye ndiye msafirishaji mkubwa kuliko wote, kama tutakavyoona.

Hata hivyo nyuki si wajinga. Nyuki mzima hanyi ndani ya nyumba, huruka nje. Maiti hutolewa upesi. Jana aliyekufa hufunuliwa na kutupwa mbali. Tena hukusanya gundi ya miti na kuipaka ndani ya mzinga, na gundi hiyo huua vijidudu vingi. Usafi huo ni dawa yao ya kwanza.

KUPE MWEKUNDU ANAYEITWA VAROA

Yuko mdudu mdogo, mwekundu kama udongo, mwenye umbo la sahani. Upana wake ni kama milimeta moja na nusu, hivi hata jicho laweza kumwona. Jina lake ni varoa. Kwa nyuki yeye si mdogo. Ni kama mtu kubeba kupe mwenye ukubwa wa ngumi.

Asili yake ni Asia. Huko aliishi juu ya nyuki wa Asia, nao walizoeana naye tangu zamani, hakuwaletea hasara kubwa. Kisha watu walipeleka nyuki wa Ulaya katika nchi hizo ili kupata asali nyingi zaidi, na varoa akavuka, akahamia kwa wageni wale ambao hawakujua kujilinda naye. Tangu hapo alisafiri pamoja na nyuki walionunuliwa na kuuzwa. Alifika Marekani mwaka 1987. Mwaka 1997 alionekana Afrika Kusini. Mwaka 2009 alikutwa Kenya na Tanzania. Mwaka 2022 aliingia hata Australia. Sehemu kubwa ya safari hiyo hakuruka mwenyewe, alipelekwa na watu.

Kazi yake ni hii. Kupe jike huingia katika chumba cha jana muda mfupi kabla nyuki hawajakifunika kwa nta. Akiisha kufungiwa humo, hutaga mayai, na watoto wake hula mwili wa yule jana. Nyuki mchanga atokapo chumbani, mama kupe na binti zake hutoka pamoja naye, wakatafuta vyumba vingine. Hupenda zaidi vyumba vya nyuki madume, kwa sababu hao hukaa siku nyingi zaidi chini ya kifuniko.

Zamani watu walisema varoa hunywa damu ya nyuki. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walionyesha ya kuwa hula hasa mafuta yaliyo chini ya ngozi ya nyuki. Mafuta hayo kwa nyuki ni kama ini kwetu: huweka akiba ya chakula, huondoa sumu, husaidia mwili kupigana na ugonjwa. Basi kupe huyu haumizi tu, huvunja na ngome.

Tena ana hatari ya pili. Kama mbu anavyobeba malaria kutoka mtu mpaka mtu, varoa hubeba virusi kutoka nyuki mpaka nyuki. Kimoja chao hukunja mabawa. Nyuki huzaliwa na mabawa yaliyosinyaa kama jani lililopita motoni, hawezi kuruka, na baada ya siku chache hufa. Ukiona nyuki wachanga wa namna hii wanatambaa chini mbele ya mzinga, ujue kwamba kuna shida ndani.

MAMBO WALIYOYAONA WATAFITI

Kupe huyu alipoenea Ulaya na Marekani, makundi mengi sana ya nyuki yalikufa, na wafugaji wakaanza kutia dawa kila mwaka. Kwa hiyo alipokutwa Afrika Mashariki, watu waliogopa. Je, na nyuki wa Afrika watakwisha?

Mwaka 2010 watafiti wa Kenya na Marekani, kati yao Elliud Muli na Maryann Frazier, walizunguka nchi ya Kenya. (Twasema nchi ya Kenya, si mtaa wetu wa Kenya hapa Lubumbashi.) Walipima nyuki katika mahali 24, tangu pwani mpaka milimani, wakatoa habari zao mwaka 2014. Walimkuta varoa karibu kila mahali, isipokuwa kaskazini ya mbali. Walikuta aina tatu za virusi, na palipokuwa na kupe wengi, aina za virusi nazo zilizidi. Ugonjwa wa tumbo uitwao nosema waliukuta hasa upande wa pwani. Sumu za mashamba zilikuwamo mizingani, lakini kidogo tu.

Lakini jambo kubwa ni hili: makundi yenye kupe hayakuwa madogo kuliko makundi yasiyo na kupe. Nyuki walikuwa na ugonjwa, lakini hawakushindwa nao. Wala hawakutiwa dawa.

Afrika Kusini walikwisha kuona jambo kama hilo. Kupe alipofika mwaka 1997, makundi mengine yalikufa. Lakini wafugaji walio wengi hawakutia dawa. Nyuki dhaifu walikufa, wenye nguvu wakabaki wakazaa, na baada ya miaka michache nyuki wa nchi ile waliweza kukaa na kupe huyo bila hasara kubwa.

Nguvu hii inatoka wapi? Nyuki wa Afrika husafishana sana na kumtupa jana mgonjwa upesi. Majana wao hukaa siku chache kidogo chini ya kifuniko, hivi kupe hupata nafasi ndogo ya kuzaa. Tena hugawanyika na kuhama mara kwa mara. Kundi likihama huacha nyuma majana na kupe waliomo ndani yao. Fundi wa asali hukasirika akikuta mzinga mtupu, lakini kuhama huko ni dawa. Na zaidi ya hayo, makundi mengi ya Afrika yanaishi huru msituni, mbalimbali, hayakusongamana mahali pamoja kama mizinga ya mashamba makubwa ya Ulaya.

Katika mji wa Nairobi, kwenye kituo cha utafiti wa wadudu kiitwacho icipe, maabara ya afya ya nyuki wa Afrika ilifunguliwa mwaka 2014. Humo watafiti hupima nyuki na kufundisha wengine. Yale wanayotuonya yaweza kusemwa kwa neno moja: nyuki wa Afrika wana nguvu, lakini nguvu hiyo yaweza kupotezwa.

NJAA, SUMU NA MOTO

Namna gani itapotezwa? Fikiri habari za mtoto. Mtoto alishwaye bukari peke yake, bila maharagwe, bila samaki wala sombe, hushikwa na utapiamlo, akavimba miguu. Ndipo kuhara kidogo au surua humuua, ambapo mtoto mwenye afya angepona. Mwaka 2010 watafiti wa Ufaransa waliona kwamba nyuki waliolishwa unga wa maua ya aina nyingi walikuwa na kinga kubwa kuliko wale waliolishwa unga wa aina moja tu. Basi msitu wenye miti ya namna nyingi ni meza yao yenye vyakula vya namna nyingi.

Lakini msitu wetu unakatwa. Watu wa Lubumbashi walio wengi hupika kwa makala, na miti inayotoa makala mazuri ni ileile inayotoa asali: mutondo, muputu na ndugu zao. Kila mwaka wachomaji wa makala huenda mbali zaidi na mji. Tena kuna moto wa kiangazi. Moto unaowashwa mwanzoni, majani yakiwa bado na maji kidogo, hupita bila nguvu. Moto wa mwezi wa tisa na wa kumi ni mkali, huunguza maua yanayoanza kufunguka, na mizinga pamoja nayo. Nyuki waliobaki hukaa na njaa, na mwenye njaa huugua upesi.

Sumu nayo hufanya kazi hiyohiyo. Ziko dawa za kuua wadudu wa mashamba ambazo haziui nyuki papo hapo. Watafiti wameona kwamba nyuki waliokula kiasi kidogo cha dawa iitwayo imidaklopridi walizidiwa na nosema kuliko wale wasioila. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulikataza dawa hiyo na nyingine mbili za jamii yake zisitumiwe mashambani nje. Sumu kidogo na ugonjwa kidogo, vikikutana, huwa kifo.

UGONJWA WA MAJANA KUOZA

Tumesema juu ya ugonjwa ambao nyuki wetu wanaweza kushindana nao. Sasa tuseme juu ya ule ambao imetupasa kuuzuia usiingie. Unaharibu majana. Jana hufa chini ya kifuniko, akawa kama uji mweusi wenye kunata na kunuka. Ukichomeka kijiti ndani ya chumba na kukivuta polepole, uji huo hufuata kama uzi. Kisha hukauka, na mbegu za ugonjwa hukaa ndani ya nta na mbao za mzinga zaidi ya miaka 30, zikingoja. Ugonjwa huu ulizuka Afrika Kusini mwaka 2009. Huenezwa kwa masega ya zamani, mizinga iliyotumika, na asali ya mahali pengine inayopewa nyuki kuwa chakula.

Usidhani kwamba wadudu wabaya hutoka ng'ambo tu. Yuko mende mdogo mweusi wa mzingani ambaye asili yake ni hapa Afrika. Nyuki wetu humfukuza, au humfungia pembeni kwa gundi kama mfungwa. Lakini alipofika Marekani karibu na mwaka 1998, aliharibu mizinga mingi, maana nyuki wa kule hawakumjua. Fundisho ni moja: ugonjwa uliozoeleka nyumbani huwa msiba ukipelekwa ugenini.

JE, MTU HUWEZA KUAMBUKIZWA?

Hapana. Varoa, nosema, virusi vya nyuki na ugonjwa wa majana kuoza havimpati mtu, wala kwa kuumwa na nyuki, wala kwa kula asali. Lakini kumbukeni jambo jingine: mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali kamwe, hata kidogo. Ndani ya asali yoyote, hata iliyo safi, zaweza kuwamo mbegu za kijidudu kinachotoa sumu katika tumbo la mtoto mchanga, nayo hulegeza mwili mpaka pumzi ikakatika.

MAMBO YA KUFANYA

1. Ukivuna asali, tazama na masega yenye majana. Funua vyumba vichache vya nyuki madume kwa mwiba mrefu. Ukiona vidudu vyekundu juu ya majana meupe, ni varoa. Usiogope, wala usiunguze mzinga. Kundi likiwa na nguvu, liache lijitunze.

2. Ukiona majana meusi yanayovutika kama uzi, ufunge mzinga, usiuze masega yake, upeleke habari kwa bwana shamba. Vyombo ulivyotumia hapo visiguse mzinga mwingine. Mzinga wenye ugonjwa huo hakika huteketezwa na kufukiwa.

3. Usinunue masega ya zamani wala mizinga iliyotumika usiyojua habari zake. Usilete nyuki kutoka nchi nyingine, hata wakisifiwa kwamba ni wapole na wana asali nyingi.

4. Usitie dawa mzingani kwa kukisia. Malaria ilizoea klorokini kwa sababu ya dawa kutumiwa ovyo, na varoa wa Ulaya wamezoea dawa nyingi vivyo hivyo. Dawa hubaki pia ndani ya nta na asali tunayokula.

5. Usivune kwa kuua kundi kwa moto, wala kwa kuangusha mti wenye nyuki. Tumia moshi kidogo, wakati wa jioni, na uwaachie sehemu ya asali. Ukiua kundi lenye nguvu, umeua mbegu ya makundi yenye nguvu.

6. Tawanya mizinga yako, isisongamane. Weka maji safi karibu.

7. Ukinyunyiza dawa bustanini, fanya hivyo jioni, nyuki wakiisha kurudi nyumbani, wala usinyunyize juu ya maua.

8. Watu wa kijiji wapatane kuhusu moto: uwashwe mapema, kwa mpaka uliosafishwa. Miti michache ya maua iachwe kila mahali panapokatwa makala.

Labda utasema, “Mimi ni mtu mmoja, nitazuiaje ugonjwa uliozunguka dunia?” Lakini umeona ya kuwa ugonjwa huu ulizunguka dunia kwa mikono ya watu mmoja mmoja: huyu aliuza mzinga, yule alinunua masega. Basi kwa mikono ya watu mmoja mmoja utazuiwa pia.

MASWALI YA KUJIFUNZA

1. Ugonjwa hutoka mzinga mpaka mzinga kwa njia gani tatu?
2. Varoa anafanana na mbu katika jambo gani?
3. Kwa nini nyuki wa Kenya hawakushindwa na varoa ingawa hawakutiwa dawa?
4. Njaa ya nyuki inaletwa na nini katika msitu wetu?
5. Mtoto wa umri gani asipewe asali, na kwa nini?